Woody Strode, mtu aliyeachiwa kazi nzito na maneno machache

Uasi wa watumwa katika Spartacus, filamu ya mwaka 1960, unaanzia kwa mtu asiyetaka hata kutaja jina lake. Filamu hiyo ya Stanley Kubrick ina zaidi ya saa tatu na imejaa wasemaji hodari: Kirk Douglas, Laurence Olivier, Charles Laughton, Peter Ustinov. Draba, mtumwa wa Kiethiopia anayefunzwa kupigana hadi kufa ili matajiri wa Roma wastarehe, hana hotuba yoyote. Spartacus anapomuuliza jina, anamkatalia. Siku wakipangwa pamoja atalazimika kumuua, kwa hiyo kufahamiana kuna faida gani? Siku inafika. Wawili hao wanafungiwa ndani ya kibanda cha mbao wakisubiri zamu yao, wenzao wakiuana nje, na kamera inakaa usoni mwa Draba. Anamtazama mwenzake, anatabasamu kidogo, basi. Uwanjani anamzidi nguvu na kumbana ukutani, mkuki wa ncha tatu shingoni. Wageni jukwaani wanapiga kelele amalize kazi. Draba ananyanyua macho, anawatazama, kisha anautupa mkuki kwao na kuparamia jukwaa kuwafuata. Mlinzi anamchoma mgongoni, na Olivier, anayeigiza Crassus, anamkata shingo kwa mkono wake mwenyewe.

Aliyeigiza Draba ni Woody Strode. Wengi wanaomwandika humkumbuka kama umbo: urefu, kifua, kichwa kilichonyolewa, misuli ya mwanariadha. Wanamsifia kama mtu anavyosifia sanamu. Mimi nabishana na sifa hizo. Strode alikuwa mwigizaji mwenye akili ya kazi yake, na akili hiyo ilionekana katika jambo ambalo waigizaji wenye maneno mengi hulikwepa, yaani kusimama bila kufanya chochote huku mtazamaji akijua kabisa unachowaza. Hollywood ilimpa kimya kwa sababu haikutaka aseme. Yeye akakifanyia kazi kimya hicho hadi katika filamu kadhaa uzito wote wa maadili ukamwangukia yeye, hata pale ambapo mwandishi wa hadithi hakukusudia.

Alizaliwa Los Angeles tarehe 25 Julai 1914, katika familia yenye asili ya New Orleans iliyochanganya damu ya Kiafrika na ya Wahindi Wekundu. Riadha ndiyo iliyompeleka chuo kikuu, UCLA, na huko akawa katika timu ambayo wanahistoria wa michezo hawachoki kuitaja. Mwaka 1939 timu ya mpira wa Kimarekani ya UCLA ilikuwa na vijana Weusi wanne: Kenny Washington, Jackie Robinson, Ray Bartlett na Strode. Kwa wakati ule, chuo kikubwa kuwa na hata mmoja lilikuwa jambo la kushangaza. Timu ile haikufungwa msimu mzima. Robinson ndiye yule ambaye mwaka 1947 angevunja ubaguzi katika besiboli na kuingia vitabuni. Strode na Washington walikuwa wamekwisha kufanya jambo kama hilo mwaka mmoja kabla, katika mpira wa Kimarekani, na ni wachache wanaolikumbuka.

Jambo hilo linafaa kuelezwa vizuri, maana linaonyesha milango ya Marekani ilivyofunguliwa, na nani aliyeisukuma. Ligi ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo, ilikuwa na wachezaji Weusi wachache hadi mwaka 1933. Kisha, kwa misimu 12, hakuwapo hata mmoja. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa. Wenye timu walielewana tu. Mwaka 1946 timu ya Rams ilihama Cleveland kwenda Los Angeles, ikataka kuchezea katika uwanja mkubwa wa Coliseum. Uwanja ule ni mali ya umma. Waandishi wa magazeti ya Weusi wa jiji hilo, Halley Harding akiwa mstari wa mbele, wakawakabili wasimamizi wa uwanja na kuuliza vipi timu inayobagua ikabidhiwe mali iliyojengwa kwa kodi za watu wote. Rams wakamsajili Washington mwezi Machi, kisha Strode mwezi Mei, kwa sababu Washington alitaka awepo mwenzake wa kulala naye chumba kimoja katika safari. Strode alikuwa anakaribia miaka 32, umri ambao wachezaji wengi wa mchezo ule wanafunga virago. Katika msimu mzima alidaka pasi 4. Msimu uliofuata hakuwapo.

Hakuwahi kujivunia mwaka ule. Alipokuwa mzee alisema kwamba ikiwa hata mbinguni itabidi aingie kwa kuvunja ubaguzi, basi hataki kwenda. Maneno hayo yananisaidia kumwelewa mwigizaji. Mtu aliyepewa jezi ili timu ipate uwanja anajua maana ya kuwekwa mahali ili aonekane, bila mtu kukusudia kumtumia. Nafasi nyingi alizokuja kupewa katika sinema zilikuwa za namna hiyo hiyo.

Alikwenda Kanada mwaka 1948, akaichezea timu ya Calgary Stampeders na kutwaa Grey Cup, kombe la ubingwa wa huko, katika msimu ambao timu haikupoteza mchezo. Alipigana mieleka ya kulipwa kwa miaka mingi. Mieleka ile ni maigizo pia, ya kupaza hisia zimfikie mtu wa kiti cha mwisho kabisa. Ndiyo maana najiuliza aliwezaje kuingia katika sinema na kufanya kinyume chake, kupunguza na kupunguza tena, mpaka inabaki nukta ya jicho.

Filamu yake ya kwanza inatuhusu sisi wa huku moja kwa moja. Sundown, iliyoongozwa na Henry Hathaway mwaka 1941, ni hadithi ya vita vya pili vya dunia katika kituo cha Waingereza kaskazini mwa Kenya, ambako maadui wanaingiza silaha kwa siri ili kuwachochea wenyeji. Kenya yenyewe ilitengenezwa New Mexico, katika jangwa la Marekani. Gene Tierney ndiye aliyekuwa nyota. Strode, kijana wa Los Angeles ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikuwa askari wa Kiafrika. Hakuwa na jina. Ndivyo Hollywood ilivyomwona tangu siku ya kwanza: kipande cha mandhari, kama mwamba au mti wa mgunga, kinachomhakikishia mtazamaji kwamba hapa ni Afrika.

Miaka kumi na saba hivi iliyofuata haikubadilisha kitu. Alikuwa mtu wa msituni katika filamu za Bomba, kijana wa msituni, na za Tarzan. Mwaka 1952, katika Androcles and the Lion, alivishwa ngozi akaigiza simba. Katika The Ten Commandments ya mwaka 1956 alikuwa mfalme wa Ethiopia, na katika filamu hiyo hiyo akaonekana pia miongoni mwa wabeba machela. Baadaye angekuwa Mhindi Mwekundu wa kabila la Komanchi, kisha mpiganaji wa Kimongolia. Ukiziweka pamoja nafasi hizo unaona kwamba kwa wenye studio mwili wa mtu mweusi mwenye mchanganyiko wa damu ungeweza kuwa chochote kigeni, ilimradi usiwe raia wa Marekani anayeishi mtaa wa pili.

Aliyeanza kumwona vingine alikuwa mwongozaji John Ford, na hapa lazima niwe mwangalifu, maana Ford hakuwa mtakatifu na filamu zake za awali zimejaa watumishi Weusi wa kuchekesha. Lakini mwaka 1960 alisisitiza kwamba Sergeant Rutledge lazima aigizwe na Strode, wakati studio ilikuwa ikifikiria watu wenye majina kama Sidney Poitier na Harry Belafonte. Rutledge ni sajini wa kikosi cha tisa cha farasi, kimojawapo cha vikosi vya wanajeshi Weusi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, anayeshtakiwa kwa kumbaka na kumuua msichana mzungu. Filamu ilitoka mwezi Mei, miezi michache tu baada ya wanafunzi wanne Weusi kukaa kwenye kaunta ya wazungu pekee katika mgahawa wa Woolworth huko Greensboro na kukataa kuondoka. Hadithi ina kasoro iliyo wazi. Mapenzi ni ya wazungu wawili, ukombozi unaletwa na wakili mzungu, na jina la Strode katika orodha ya waigizaji linakuja nyuma ya Jeffrey Hunter, Constance Towers na Billie Burke, ingawa filamu inaitwa kwa jina la mhusika wake.

Pamoja na hayo yote, mtazame Strode kwenye kiti cha shahidi. Mwendesha mashtaka anamwuliza kwa nini alirudi kuwaonya wenzake wakati alikwisha kutoroka. Kwa sehemu kubwa ya kesi Rutledge amekaa wima, mikono haichezi, macho yanatazama mbele kama ya askari aliyepangwa gwaride. Halafu unyamavu ule unapasuka. Anasema kikosi ndicho nyumba yake, uhuru wake na heshima yake, na kwamba yeye ni mwanamume. Sauti yake inakwaruza. Mwigizaji aliyesomea jukwaani angeipanga vizuri zaidi hotuba hiyo, na ingekuwa dhaifu zaidi. Nguvu yake inatokana na saa nzima ya kujizuia iliyotangulia. Strode mwenyewe alilipenda zaidi tukio jingine, lile la kuvuka mto Pecos juu ya farasi, ambalo alilifanya mwenyewe bila mtu wa kumwakilisha. Alieleza mwaka 1971 kwamba alijiona amewavusha Weusi wote mto ule. Filamu haikuvuta watu wengi kumbi za sinema, na simu za studio hazikumiminika.

Kazi yake bora kabisa, kwa maoni yangu, imo katika filamu ambayo watu huizungumzia bila kumtaja. The Man Who Shot Liberty Valance, ya Ford tena, mwaka 1962, ina John Wayne na James Stewart. Strode ni Pompey, mfanyakazi wa Tom Doniphon, mhusika wa Wayne. Hadithi inajulikana: Ransom Stoddard, mwanasheria anayeigizwa na Stewart, anakuwa seneta kwa sababu watu wanaamini alimuua jambazi Liberty Valance, kumbe risasi ilitoka gizani kwa Doniphon. Wachambuzi wamejaza kurasa kuhusu ukweli na uzushi katika historia ya Marekani kwa kutumia filamu hii. Sasa ulizeni: usiku ule gizani, nani aliyemrushia Doniphon bunduki? Pompey. Nani aliyemwokoa Doniphon alipoichoma nyumba yake kwa ulevi na uchungu? Pompey. Na mwanzoni mwa filamu, Stoddard anaporudi mjini akiwa mzee kumzika rafiki yake, nani amekaa peke yake pembeni ya jeneza? Pompey tena. Mwandishi wa gazeti anadai apewe habari kamili. Anamfuata seneta. Aliyeyaona yote kwa macho yake amekaa hatua chache kutoka hapo, na hakuna anayemuuliza neno.

Sijui kama Ford alikusudia hilo. Strode aliliigiza kana kwamba anajua. Pompey mzee anakaa na mikono mapajani, ameinamisha kichwa, na Stoddard akiondoka anamtilia pesa mkononi, za kununulia nyama. Pesa hizo zinauma. Kuna pia tukio la darasani, Pompey akijifunza kusoma na watoto na wahamiaji, anaombwa akariri Tamko la Uhuru na kusahau sehemu inayosema kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwalimu Stoddard anamwambia asijali, wengi huisahau sehemu hiyo. Hapo Strode hatafuti huruma. Anaona aibu ya mwanafunzi wa kawaida aliyekosea, na kwa sababu ya ukawaida huo sentensi ya mwalimu inageuka kuwa shtaka dhidi ya nchi nzima. Punde Doniphon anaingia na kumfukuza darasani arudi kazini.

Tangu hapo alifanya kazi nyingi nzuri za pembeni. The Professionals ya Richard Brooks, mwaka 1966, ilimweka sambamba na Burt Lancaster, Lee Marvin na Robert Ryan, mpiga mishale hodari katika kundi la watu wanne wanaoingia Mexico kumkomboa mwanamke. Anafurahisha mno kumtazama humo. Ila njia ya kwenda mbele ilimpeleka Ulaya.

Wazee wetu waliokuwa wakijipanga foleni kwenye majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Unguja na Mombasa miaka ya 1970 kutazama makauboi wa Kitaliano huenda walimwona Strode bila kulishika jina lake. Alikuwa pamoja na Terence Hill na Bud Spencer katika Boot Hill, na pamoja na Franco Nero katika Keoma. Kabla ya hizo, mwaka 1968, mwongozaji Sergio Leone alimweka katika ufunguzi wa Once Upon a Time in the West: watu watatu wenye bunduki wanasubiri treni kwenye kituo kilichokauka. Muziki hakuna, ni kinu cha upepo tu kinacholia. Tone la maji linadondoka juu ya kichwa cha Strode kilichonyolewa. Anavaa kofia. Tone linaendelea kudondoka, maji yanajikusanya kwenye ukingo wa kofia, na mwishowe anaivua na kuyanywa. Robo saa haijaisha kabla hajauawa. Strode alisema hakuwahi kupata Hollywood picha za uso wa karibu kama alizopigwa na Leone. Zaidi ya miaka ishirini na tano katika biashara hii, na ilimbidi avuke bahari ili mtu aisogeze kamera karibu.

Mwaka huo huo wa 1968 mwongozaji Valerio Zurlini alimpa nafasi kuu katika filamu iliyotoka Italia kwa jina Seduto alla sua destra na ikauzwa kwingine kwa jina Black Jesus. Strode ni Maurice Lalubi, kiongozi wa nchi ya Kiafrika isiyotajwa, anayekamatwa, kuteswa na kuuawa. Kila mtazamaji alijua ni nani. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Filamu ilipangwa kushindana katika tamasha la Cannes, tamasha likavunjika kwa sababu ya maandamano ya Mei nchini Ufaransa.

Kutoka askari asiye na jina wa Kenya ya bandia hadi Lumumba: kwa kipimo cha nafasi, hakuna safari ndefu kuliko hiyo katika maisha yake, na heshima anayompa mhusika inaonekana katika kila hatua. Ndani ya seli, akiwa amefungwa na mwizi wa Kiitaliano anayeigizwa na Franco Citti, anakuwa na upole ambao Hollywood haikuwahi kumruhusu kuuonyesha. Lakini mtu anayeijua Kongo hawezi kuitazama filamu hii bila kukwazwa. Lumumba alikuwa mtu wa maneno. Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme Baudouin, alisimama akautaja utumwa na matusi ya ukoloni waziwazi, na hotuba ile ni miongoni mwa sababu za kuchukiwa kwake na wakubwa. Zurlini alimgeuza kuwa mhubiri mpole anayesubiri msalaba wake. Alimchukua mwanasiasa akabakiza mfia dini, alimchukua msemaji akabakiza mwili unaopigwa. Tena, kwa desturi ya sinema ya Italia ya wakati ule ya kuingiza sauti studioni, watazamaji wa Roma hawakusikia hata sauti ya Strode mwenyewe. Alikuwa amepata nafasi kubwa kuliko zote, na bado alitakiwa kufanya kazi ile ile: kuteseka vizuri mbele ya kamera na kuwaachia wengine maana.

Naeleza hivyo kwa sababu kuna tabia ya kusema Hollywood ilimnyima na Ulaya ikampa. Ulaya ilimpa uso. Maneno haikumpa.

Mambo ya maisha yake binafsi nayapita haraka. Alimwoa Luukialuana Kalaeloa, mwanamke wa Hawaii wa ukoo wa kifalme, mwaka 1941, wakaishi pamoja hadi mama huyo alipofariki mwaka 1980. Ford alipokuwa mgonjwa, Strode alilala sakafuni chumbani kwake kwa miezi minne akimhudumia, na alikuwapo Ford alipokata roho mwaka 1973. Watu wanaweza kubishana kama huo ulikuwa urafiki wa watu sawa. Mimi naona hauwezi kutenganishwa na Pompey na jeneza lile. Mwaka 1990 alitoa kitabu cha maisha yake, Goal Dust, akishirikiana na Sam Young. Alifariki tarehe 31 Desemba 1994. The Quick and the Dead, iliyotoka wiki chache baadaye, ilitolewa kwa heshima yake, na yule kauboi wa kuchezea, Woody, katika Toy Story ya mwaka 1995, aliitwa kwa jina lake. Tuzo ya Oscar hakuteuliwa hata mara moja. Uteuzi wake mkubwa ulikuwa wa Golden Globe, kwa Draba.

Filamu ya miaka yake ya mwisho ninayoithamini ni Posse ya mwaka 1993. Si filamu kubwa. Ina haraka, ina kelele, na inajipenda kupita kiasi. Lakini Mario Van Peebles, aliyeiongoza, aliamua kwamba hadithi ya makauboi Weusi ifunguliwe na kufungwa na mzee mmoja anayeitazama kamera na kuisimulia, bunduki ya zamani mkononi. Angeweza kumtafuta mwigizaji mwenye sauti laini na jina kubwa zaidi. Alimchukua Strode, akiwa na miaka 78 hivi, akampa maneno. Strode anayasema taratibu, anawataja Weusi waliokuwa huko magharibi na ambao sinema iliwafuta, na hakuna mahali anapoharakisha.